Mahuta, Alikoishi Mtoto wa Tatu

Mwaka 1906 Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha kusini pale Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipopanda kutoka Lindi hadi Masasi, kisha Newala na Mahuta. Alikuwa na wapagazi wa Kinyamwezi, kamera na fonografu ya kunasia sauti. Alikuja kukusanya vinyago na vyombo. Wamakonde wakampa na hadithi pia.

Hapo kale, walimsimulia, alitoka porini mtu asiyeoga wala kunyoa nywele, tena mpweke. Akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaisimamisha, nayo ikageuka mke. Wakateremka mto Ruvuma, wakaoga; mtoto wao akazaliwa mfu. Wakahamia bonde jingine, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na huko wa tatu akaishi. Tangu hapo wazee wakawausia watoto wao wasijenge karibu na mito mikubwa, kwa maana ndiko yaliko maradhi na mauti.

Nyanda hizi za juu hazina mito. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka magenge alfajiri kutafuta maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mtu wa pwani angemwita anayeishi huko fukara au mshamba. Hadithi inasema kinyume: sisi tuko juu kwa wosia, na aliye bondeni ndiye aliyepotea. Kuna sababu nyingine pia, maana vichaka vile viliwaficha watu wasikamatwe na wawinda watumwa wala kuvamiwa na Wangoni. Ila sababu hiyo ni ya mkimbizi. Wazee walichagua kusimulia ile ya mzaliwa.

Heshima ya mtu mmoja mmoja ilitungwa jandoni. Mvulana aliyetoka kambini alipewa jina jipya, na kumwita kwa lile la utotoni kulikuwa tusi la kugombanisha koo. Humo alijifunza nyimbo za mafumbo: maneno mepesi, ya ndege au ya chungu, ambayo maana yake hufundishwa kwa siri. Mgeni akidai amepita jandoni, huimbiwa fumbo. Akishindwa kujibu amejiumbua. Wasichana nao walikuwa na zao katika unyago, chini ya makungwi. Kwa maoni yangu hii ni fasihi yenye masharti makali kuliko shairi lolote la gazetini, kwa kuwa asiyeifahamu hahesabiwi mtu mzima.

Masasi ya misheni ilianza kwa namna nyingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Nia ilikuwa kufika nchi za Ziwa Nyasa, lakini wakakaa Masasi. Hawa walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengi waliotekwa wakiwa wadogo. Mtumwa hana ukoo wa kumsimulia, basi wenzao waliosoma shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, wakajisimulia wenyewe kwa kalamu: nyumbani ni wapi, nani alimkamata, aliuzwa kwa nini. Mmisionari A. C. Madan alizitafsiri habari hizo na kuzichapisha mwaka 1887. Miaka 3 baadaye Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akawekwa wakfu kuwa padri na kuendelea na kazi yake Chitangali.

Wamisionari wa kwanza walilitazama jando kama ushenzi. Vijana wa Kikristo wakatahiriwa huko huko kwa wenyeji, au wakabaki wanachekwa kijijini kwamba ni watoto wenye ndevu. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa Masasi mwaka 1926, ndiye anayesifiwa kwa kuanzisha jando la Kikristo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Sifa hiyo nadhani imeelemea upande mmoja, maana mapadri Waafrika walikuwa na sauti kubwa katika jambo hili. Mmoja wao, Padri Kolumba Msigala, aliandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili, nazo ni kati ya maandishi muhimu sana ya mwenyeji kuhusu Masasi ya zama hizo. Wanahistoria kama Terence Ranger wamezitegemea sana. Msomaji wa Masasi akizitaka, azifuate kwenye nyaraka za misheni huko Oxford.

Mambo ni hayo hayo kwa nyimbo. Sauti alizonasa Weule zimehifadhiwa Berlin. Lyndon Harries, padri wa UMCA aliyekuja kuwa bingwa wa ushairi wa Kiswahili, alichapisha nyimbo za mafumbo za jando la Wamakua mwanzoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1944 akatoa kijitabu kuhusu jando na unyago wa Wamakonde. Maelezo yote kwa Kiingereza, yote kwa wasomaji wa mbali. Mzee aliyemweleza Harries fumbo alikuwa ametoa siri, na kwa kipimo cha kambini hilo ni kosa zito. Sina haraka ya kumhukumu.

Sababu ni kalenda, inayowapunguzia vijana muda wa kujifunza mafumbo hayo kambini. Kambi zilizokuwa zikichukua miezi sasa hubanwa ndani ya likizo za shule, Juni au Desemba. Tohara haiwezi kufupishwa, wala sherehe ya kutoka, ambayo siku hizi ina spika na wageni kutoka Dar es Salaam. Kinachopunguzwa ni usiku wa kufundishana nyimbo. Kijana hutoka na jina jipya na nguo mpya, mafumbo akiyajua machache, na mzee anayetaka kumpima hulazimika kuchagua fumbo rahisi.