Kirangozi: Mwanamuziki wa Kiangazi katika Njia ya Ujiji

Mgeni afikapo Ujiji hupelekwa kwanza penye mnara wa ukumbusho wa mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871. Hapo, karibu na miembe, husimuliwa habari za Wazungu wawili waliosalimiana. Ni nadra kusimuliwa habari za mtu aliyetangulia mbele ya msafara, ambaye wimbo wake ulisikika kabla bendera haijaonekana. Mtu huyo aliitwa kirangozi. Alikuwa mjuzi wa njia na kiongozi wa nyimbo. Na kwa kuwa aliajiriwa na kulipwa ujira, hatuna budi kumhesabu miongoni mwa wanamuziki wa kazi katika historia ya nchi yetu.

Ili kuufahamu muziki wake, yatupasa kwanza kuifahamu kazi yenyewe. Njia kuu ya kati ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikavuka Mto Malagarasi na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa takriban kilomita 1,200. Mbung'o walioenea maporini waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo pembe za ndovu, majora ya nguo na mifuko ya shanga vilichukuliwa begani na kichwani mwa watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Ujiji mwezi Februari 1858. Safari ndefu namna hiyo haiwezi kuendeshwa kwa amri na fimbo peke yake. Wapagazi wa ujira, wengi wao Wanyamwezi, waliweza kutua mizigo usiku na kutoroka. Kilichowaunganisha kilikuwa malipo, chakula na wimbo.

Kazi hii ilikuwa na majira yake. Mnyamwezi alikuwa mkulima kabla ya kuwa mpagazi. Alilima wakati wa mvua, akavuna, na kiangazi kilipoingia akashika njia, akitumaini kurudi kabla mvua mpya hazijamwita shambani. Wakati wa kiangazi mito hupungua, nyasi hukauka na njia huonekana. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwanzoni mwa 1871 huku masika yakikaribia, alijifunza hayo kwa taabu katika bonde la Makata, ambako msafara wake ulihangaika katika maji, tope na maradhi. Kiangazi ndicho kilichokuwa pia msimu wa Uvinza, ambako watu wengi walikusanyika kuchemsha maji ya chumvi, kwa maana mvua ziliponyesha chemchemi zilifunikwa. Hivyo kiangazi kilikuwa wakati wa watu kukutana, na wakutanapo watu ngoma haikosi.

Sasa na tumtazame kirangozi mwenyewe. Wasafiri wa karne ya 19 wamemweleza akiwa amevaa joho jekundu, na kichwani ngozi ya mnyama wa mwitu pamoja na manyoya ya ndege. Nyuma yake alifuata mpiga ngoma, na baadhi ya wapagazi walipuliza baragumu za pembe za tandala. Mpagazi hakuruhusiwa kumtangulia. Aliyethubutu alitozwa faini.

Msomaji ataona kwamba sanaa hii yote ilitoka porini. Pembe ilitoka kwa mnyama, na ngoma ilichongwa katika gogo la mti. Hata sikio la msanii lilifundishwa na pori. Ndege wa asali alipolia, aliyemfahamu alijua kwamba mzinga u karibu. Nyayo za tembo zilionyesha maji yalipo, na ukimya wa ghafla ulikuwa onyo. Mapenzi ya kirangozi kwa pori yalichanganyika na hofu na heshima, kwani alilala ndani yake, alikula kutoka kwake, na angeweza kufia humo. Labda ndiyo maana yalikuwa mapenzi ya kweli.

Nyimbo zake zilikuwa za kupokezana. Kirangozi alianza, msafara mzima ukaitikia, na hatua zikafuata pigo la ngoma. Ngoma iliwaita watu kufunga mizigo alfajiri, na baragumu ziliwajulisha walio nyuma kwamba wenzao wako mbele. Jioni kambini, miguu ile ile iliyokwisha kuchoka ilicheza. Nyimbo zilikuwa pia silaha ya mnyonge: Burton ameandika kwamba wapagazi walimwimba yeye mwenyewe na kumtania. Neno ambalo mpagazi asingethubutu kumwambia bwana wake ana kwa ana, aliliimba.

Kilele cha kazi kilikuwa kuingia Ujiji. Baada ya kulipa hongo na kuvuka Malagarasi, msafara ulipanda vilima mpaka ziwa likaonekana. Hapo watu walivaa nguo zao nzuri, bunduki zikapigwa, baragumu zikalia, na wenyeji wakatoka kupokea wageni. Mwaka ule wa 1871 milio ya bunduki ndiyo iliyowajulisha wenyeji kwamba msafara umefika.

Hata hivyo, historia isiyotaja machozi haijakamilika. Ujiji ulikuwa pia soko la watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na njia ile ile iliyosikia nyimbo za wapagazi wa ujira ilisikia minyororo. Wako wasemao jina Bagamoyo lilitokana na mpagazi aliyebwaga moyo kwa furaha ya kufika. Wengine husema ni mtumwa aliyebwaga moyo kwa kukata tamaa. Mwalimu afundishaye moja bila ya pili hajawatendea haki wanafunzi wake.

Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Katika Vita Kuu iliyofuata, maelfu ya watu walishurutishwa kuwa wapagazi wa majeshi ya wakoloni, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Vita vilipokwisha, treni ilichukua mizigo, na kirangozi akakosa kazi. Hakuna aliyemfukuza, njia yake ndiyo iliyofungwa na nyasi.

Pori lenyewe halijanyamaza. Kaskazini mwa Kigoma iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, na kusini iko Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985. Humo sokwe dume hupiga mizizi mipana ya miti kwa mikono na miguu, na mlio huo huwajulisha wenzao walio mbali mahali alipo. Kirangozi angeuelewa.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili nyimbo na ngoma ambazo ukoloni ulitufundisha kuzidharau zirudishiwe heshima. Kazi hiyo haijakwisha. Wanafunzi wa Tabora, Uvinza na Ujiji wanao wazee waliosimuliwa na babu zao habari za safari. Na waende wakawaulize majina na nyimbo, wayaandike. Mnara wa Ujiji umekwisha kuwataja waliosalimiana. Aliyewafikisha pale bado anangoja kutajwa.