Majeraha Yasiyoonekana katika Sinema

Katika sinema ya vita twaona askari akianguka, damu ikimtoka. Picha ikiisha mwigizaji huinuka, hujifuta rangi nyekundu, hurudi kwake kula. Basi twadhani watu hao hawajui vita ila ya mchezo. Sivyo. Wako waliopigwa risasi za kweli kabla ya kupata jina. Tuwatazame watatu.

Wa kwanza ni James Doohan, mtu wa Kanada. Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada yalivuka bahari, yakashuka pwani ya Normandie, katika Ufaransa, ili kuwafukuza Wajeremani. Doohan alikuwa ofisa wa mizinga, mwenye miaka 24. Mchana alipona. Usiku mlinzi mmoja wa jeshi lake mwenyewe alishtuka gizani, akampiga risasi. Sita zilimpata: nne mguuni, moja kifuani, moja katika kidole cha kati cha mkono wa kuume. Ile ya kifuani ilizuiwa na kijaluba cha fedha cha kutilia sigara, zawadi ya ndugu yake. Kidole kilikatwa. Mwaka 1966 alianza kujulikana kwa watu wengi sana, akiigiza fundi wa mitambo katika michezo ya televisheni iitwayo Star Trek. Mbele ya kamera aliuficha mkono ule kwa bidii.

Wa pili ni Lee Marvin, Mmarekani. Tarehe 18 Juni 1944, siku 12 tu baada ya Doohan kupigwa, yeye alikuwa mbali sana, katika kisiwa cha Saipan, bahari ya Pasifiki, akipigana na Wajapani. Alikuwa na miaka 20. Wenzake wengi wa kikosi waliuawa au kujeruhiwa. Naye risasi ilikata mshipa wa fahamu chini ya mgongo. Alikaa hospitalini zaidi ya mwaka mmoja. Alipotoka, akawa msaidizi wa fundi wa mabomba ya maji. Siku moja, katika nyumba ya michezo, mwigizaji aliugua, Marvin akaombwa kushika nafasi yake. Hivyo ndivyo alivyoanza. Mwaka 1966 alipewa tuzo la Oscar. Alikufa mwaka 1987, akazikwa Arlington, makaburini pa askari. Jiwe lake lamtaja kuwa askari wa vita ile. Juu ya sinema halisemi neno.

Wa tatu ni Audie Murphy, mtoto wa wakulima maskini wa pamba wa Texas. Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr katika Ufaransa, aliwaamuru watu wake warudi nyuma, akapanda peke yake juu ya gari la vita lililokuwa likiwaka moto, akawazuia adui kwa bunduki yake kubwa. Alipewa nishani iliyo kuu kuliko zote za Marekani. Mwaka 1955 aliigiza maisha yake mwenyewe katika sinema. Watu wakapiga makofi. Lakini usiku alisumbuliwa na ndoto mbaya, akalala na bastola chini ya mto. Hakuona haya kulisema jambo hilo wazi, akaitaka serikali iwatunze askari waliojeruhiwa moyoni. Alikufa mwaka 1971, ndege ilipoanguka.

Haya, twajifunza nini? Vijana wetu wakitoka kutazama picha za vita hufanya mikono yao kuwa bunduki, wakicheka. Lakini mwenye kuijua vita aliuficha mkono wake. Na hapa kwetu wako waliorudi vitani, wasiopenda kusimulia. Tukimwona mmoja wao akishtuka mlango ukigongwa, tusimcheke. Tumkaribishe kiti, tukae naye. Akitaka kusema, atasema.