Sinema zatufundisha historia ipi?

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya wiki hii niliwaomba wasikilizaji tuweke kando kwa muda bei ya sangara na foleni ya vivuko, tuzungumzie sinema. Sizungumzii sinema zote. Nazungumzia zile zinazodai kutuonyesha zama za kati, yaani ile miaka elfu moja hivi kutoka karne ya 5 hadi karne ya 15, zenye wafalme, mapanga, farasi na ngome za mawe.

Huenda ukauliza, sisi watu wa Ziwa hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu vijana wetu wengi, hapa mjini Mwanza na hata ng'ambo ya ghuba kule Kamanga, wamezifahamu picha hizo katika mabanda ya video, mtafsiri akiwaeleza kwa Kiswahili na kuongeza chumvi pale anapoona panapoa. Siku moja nikisubiri kivuko upande wa Kamanga nilimsikia kijana akiwasimulia wenzake jinsi mfalme wa Uingereza alivyotunga sheria ya kuwapa mabwana wake haki ya kulala na maharusi wa Waskoti usiku wa arusi. Nikamuuliza habari hiyo ameisoma wapi. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Sijaisoma, mzee wangu. Nimeiona."

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mtu akisoma kitabu anaweza kumbishia mwandishi. Akisimuliwa na babu yake, anaweza kumwuliza shangazi kama ndivyo ilivyokuwa. Lakini akiona kwa macho yake farasi wanakimbia, damu inamwagika na mama analia, atabisha vipi?

Picha aliyoizungumzia kijana yule ni "Braveheart", iliyotolewa mwaka 1995 na Mel Gibson, ambaye pia ndiye aliyeigiza kama shujaa William Wallace. Mwaka 1996 ilipata tuzo 5 za Oscar, ikiwemo ya picha bora. Ni picha nzuri, tena ya kusisimua. Lakini hebu tuipime kwa yale maswali tuliyofundishwa chuoni sisi waandishi wa habari: nani, nini, lini, wapi, na kwa nini.

Tuanze na lini. Katika picha, Wallace anampa mimba binti mfalme wa Kifaransa, Isabella, mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza, na tunaachwa tuamini kwamba damu ya Mskoti itakaa kwenye kiti cha Uingereza. Ukweli ni kwamba Wallace aliuawa London tarehe 23 Agosti 1305. Isabella aliolewa mwaka 1308, akiwa binti wa miaka 12 hivi, na mwanawe wa kwanza, Edward wa Tatu, alizaliwa mwaka 1312. Kwa hiyo ingekuwa mimba ya miaka 7, na mwenye mimba alikuwa bado mtoto, tena angali kwao Ufaransa.

Tuje kwenye wapi. Tarehe 11 Septemba 1297 Waskoti waliwashinda Waingereza katika vita vya Daraja la Stirling. Katika sinema watu wanapigana uwanjani na daraja lenyewe halipo! Msomaji aliyewahi kungoja kivuko Kamanga ataelewa mara moja kilichopotea. Daraja lile lilikuwa la mbao, jembamba, la kupitisha farasi wawili tu sambamba. Waskoti walikaa mlimani wakitazama. Walipoona sehemu ya jeshi imekwisha kuvuka na sehemu nyingine ingali ng'ambo, wakateremka na kuwakatia njia waliovuka. Wale wa ng'ambo walibaki kutazama wenzao wakiuawa, wasiweze kuwafikia. Ushindi ule ulikuwa wa akili na subira, watu waliijua nchi yao na maji yao. Sinema imeondoa daraja, na kwa kuliondoa imeiondoa akili, ikatuachia misuli na kelele.

Nani? Vita vile viliongozwa na watu wawili, Wallace na Andrew Moray. Huyu wa pili alijeruhiwa pale pale na akafa baadaye. Katika picha hayumo kabisa. Mtu ametoa uhai wake kwa ajili ya nchi yake, halafu baada ya miaka 700 anafutwa kwa sababu hadithi inataka shujaa mmoja.

Sasa tufike kwenye swali zito zaidi: kwa nini. Ile sheria ya kulala na maharusi, ambayo katika sinema ndiyo inayowasha moto, wanahistoria hawajaona ushahidi wowote kwamba mfalme yule aliitunga. Chanzo cha kweli kilikuwa kingine. Mwaka 1286 mfalme wa Uskoti, Alexander wa Tatu, alikufa kwa kuanguka na farasi. Mjukuu wake aliyekuwa amrithi, mtoto wa miaka 7, naye akafa mwaka 1290 akiwa safarini kutoka Norway. Wakubwa wa nchi wakagombea kiti, wakamwita jirani yao, Edward wa Kwanza wa Uingereza, aje aamue. Mwamuzi akadai kwanza atambuliwe kuwa yeye ndiye mkubwa wao. Mwaka 1292 akampa kiti John Balliol, na mwaka 1296 akaingia na jeshi, akamwondoa, akabeba hata jiwe la kutawazia wafalme na kulipeleka London. Jiwe hilo lilirudishwa Uskoti mwaka 1996 tu.

Kwa mkulima wa Usukumani hiyo ni habari inayoeleweka vizuri. Ndugu wawili wamegombea shamba, wakamwita mzee wa jirani awapatanishe, na mzee akahamishia ng'ombe wake humo humo shambani. Ndani yake mna funzo kubwa kuhusu ugomvi wa ndani na tamaa ya mpatanishi. Lakini kijana wa Kamanga hakulipata funzo hilo. Alipata funzo kwamba vita huanza kwa sababu adui ni mnyama.

Nisije nikaeleweka kwamba nawachukia watengenezaji wa sinema. Yapo makosa ambayo mimi nayasamehe. Katika picha ya Robin Hood ya mwaka 1991, iliyoigizwa na Kevin Costner, shujaa anateremka pwani ya kusini ya Uingereza, anasema atafika kwao kabla ya usiku, kisha anaonekana akipita kwenye ukuta wa kale wa Warumi ulioko kaskazini, zaidi ya kilometa 500 kwa barabara na mbali kuliko kwao. Ni sawa na mtu aondoke Mwanza kwa miguu kwenda Tabora, aonekane anakatiza Bukoba. Katika picha hiyo hiyo rafiki yake Mwislamu ana darubini mwaka 1194, ilhali darubini zilianza kujulikana Uholanzi mwaka 1608. Hayo ni ya kucheka na kupita. Hakuna mtu atakayemchukia jirani yake kwa sababu ya darubini.

Wala tusidhani kwamba wanaopinda historia ni watu wa Marekani peke yao. Mwaka 1963 Mmisri Youssef Chahine alitengeneza picha kubwa juu ya Salah al-Din, aliyeitwaa Yerusalemu mwaka 1187. Salah al-Din alikuwa Mkurdi, mzaliwa wa Tikrit, lakini katika picha anasimama kama kiongozi wa umoja wa Waarabu, na watu wengi walimwona Gamal Abdel Nasser ndani yake. Mwaka 2005 Wazungu nao walitoa "Kingdom of Heaven" kuhusu vita hivyo hivyo. Balian, mtetezi wa mji, anaonyeshwa kama mhunzi kutoka Ufaransa na mpenzi wa malkia Sibylla. Kwa kweli alikuwa bwana mkubwa wa huko huko mashariki, na mkewe alikuwa Maria, mjane wa mfalme wa Yerusalemu. Picha ya zamani husema mengi kuhusu wakati ilipotengenezwa. Waskoti wenyewe ni mashahidi. Chama cha kudai uhuru wao kiligawa vikaratasi kwenye majumba ya sinema wakati "Braveheart" inaonyeshwa, na tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili tangu vita vya darajani, walipiga kura kudai bunge lao.

Sisi wa Mwanza, ndugu msomaji, tunajua vizuri kuliko wengi jinsi sinema inavyoweza kumchora mtu. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa "Darwin's Nightmare", picha iliyopigwa hapa hapa kwetu kuhusu minofu ya sangara inayokwenda Ulaya na mapanki yanayobaki. Hiyo haikuwa hadithi ya kubuni, iliitwa picha ya mambo halisi. Umaskini uliomo tuliutambua, maana tuliuishi. Lakini ilipodokeza kwamba ndege zilizokuja kuchukua samaki zilileta silaha, ugomvi ukawaka. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na watu wakaandamana mjini. Aliyeona ina ukweli alisema, na aliyeona imetuchafua alisema. Kila mmoja alikuwa na mdomo wa kujitetea.

Andrew Moray hana mdomo. Wala Edward hana, hata kama alikuwa mkatili, na alikuwa mkatili kweli. Kama sisi tulio hai tuliumia kwa picha moja ya saa mbili, basi tuwaonee imani marehemu, wanaosemwa kila siku bila kujibu.

Yapo pia majirani zetu marehemu ambao hawasemwi kabisa. Wakati Wallace anauawa mwaka 1305, Kilwa ilikuwa inaingia katika enzi zake za fahari, ikiuza dhahabu iliyotoka Sofala. Pale Kilwa Kisiwani lilijengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pembe nane. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika na kumkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, na sultani akaenda akazivua, akampa. Ni tukio ambalo mtengenezaji wa sinema hahitaji kulibuni, limeandikwa tayari.

Hata hapo inabidi tuwe waangalifu. Ibn Battuta anasema majengo ya Kilwa yalikuwa ya mbao, na sisi tunayaona magofu ya mawe kwa macho yetu. Tena safari zake aliziandikisha zaidi ya miaka 20 baada ya kupita pwani yetu. Shahidi mmoja, hata awe mkweli, hatoshi. Atakayetengeneza picha ya Kilwa na asome kitabu, kisha aende akapime kuta.

Je, hadithi ya kubuni haina nafasi? Inayo, na mfano mwema uko karibu nasi. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwenyewe akafariki. Myombekere na Bugonoka ni watu wa kubuni. Lakini jinsi watu wanavyolima, wanavyopika pombe, wanavyotafuta dawa ya uzazi na wanavyowaheshimu wakwe ni maisha ya Wakerewe kabla ya Wazungu, yaliyokusanywa na mtu aliyewasikiliza wazee wake. Kitereza alibuni majina ili aokoe ukweli. Sinema nyingi hufanya kinyume chake, huchukua majina ya kweli na kuyavisha uongo.

Basi mimi napendekeza kipimo. Mtengenezaji wa picha na abuni maneno ambayo hakuna aliyeyaandika, maana hakuna anayejua Wallace alimwambia nini mkewe. Na abuni mtu mdogo wa kusindikiza hadithi. Lakini asiguse sababu ya vita, asimpe mtu dhambi ambayo hakuitenda, wala asimfute aliyekufa kwa ajili ya wenzake. Hilo nawaambia hasa vijana wetu wanaotengeneza filamu za Kiswahili, kwani siku moja watataka kumwigiza Mirambo au Mkwawa, na wajukuu wa wahusika watakuwa wamekaa viti vya mbele.

Na wewe mzazi, usimkataze mwanao kutazama. Tazama naye. Picha ikiisha muulize swali moja tu: kwa nini walipigana? Akishajibu, mwambie akatafute kama ndivyo ilivyokuwa. Vitabu vipo, na siku hizi hata simu aliyonayo mkononi inaweza kumpa majibu, alimradi asiishie kwenye jibu la kwanza.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.