MWALIMU WA WATOTO ALIYETUFASIRIA QUR'ANI



Ndugu msomaji, Ramadhan hii ukiingia msikitini baada ya swala ya Alasiri, iwe ni Kitui mjini, Mwingi, Kibwezi, Makindu au Emali, hebu angalia rafu ya vitabu. Mara nyingi utakuta hapo kitabu kinene, jalada limechoka, kurasa za mwanzo zimeshikwa kwa selotepu. Hiyo ni Qurani Takatifu, tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Tunakifungua, tunatafuta maana ya aya tulizozisikia kwenye Taraweh, kisha tunakirudisha mahali pake.

Lakini huyu Farsy alikuwa nani? Anayejua kidogo atakwambia, "Si alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya?" Ni kweli. Ila kabla ya ukadhi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Na hakuwa pale kwa mwaka mmoja akisubiri kazi nzuri zaidi. Alisomesha watoto kwa zaidi ya miaka kumi. Tukiyatazama maisha yake vizuri tutaona kwamba ile tafsiri tunayoisoma leo huku Ukambani ilianzia darasani, mbele ya watoto.

ALIVYOSOMA NA ALIVYOSOMESHA

Sheikh Abdullah alizaliwa Zanzibar mwaka 1912. Alisoma chuoni Qur'ani kama watoto wote wa Kiislamu wa wakati ule, na pia akaingia shule ya serikali. Baadaye akapata mafunzo ya ualimu, na kuanzia mwaka 1933 akawa mwalimu katika shule za msingi.

Sasa hapa pana jambo la kuzingatia. Kuna watu wakishapata kazi, kitabu wanakifunga. Yeye alikuwa mwalimu kwa watoto na wakati huo huo mwanafunzi kwa masheikh. Miongoni mwa waliomsomesha ni Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Sumeit, maulamaa waliokuwa nguzo za elimu Zanzibar. Kwa hivyo alikusanya vitu viwili ambavyo ni nadra kuviona kwa mtu mmoja: elimu ya dini iliyopokewa kwa masheikh wakubwa, na ufundi wa kumfahamisha mtoto ambaye hajui kitu.

Alianza kuandika akiwa bado mwalimu. Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake cha historia ya Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1944 akatoa kitabu juu ya Imam Shafi na wanavyuoni wakubwa wa Afrika Mashariki. Hiki cha pili alikuja kukitoa upya baadaye kwa jina la Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na mwaka 1989 kikatolewa kwa Kiingereza. Mwaka 1944 alikuwa na umri wa miaka 32 tu. Kijana, mwalimu wa watoto, anaandika historia za maulamaa ili zisipotee!

Baada ya hapo alipandishwa akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, na kisha akaongoza shule. Karibu maisha yake yote ya kazi hadi mwaka 1960 yalikuwa ndani ya elimu.

TAFSIRI ZILIZOTANGULIA

Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili haikuandikwa na Muislamu. Iliandikwa na padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar, ikachapishwa mwaka 1923. Aliyoyalenga ni kazi ya misheni. Mwaka 1953 ikatoka nyingine Nairobi, iliyoandaliwa na Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya. Maulamaa wa Kisunni wa pwani hawakukubaliana na mambo yaliyomo, na Sheikh Abdullah mwenyewe aliandika kuijibu.

Je, maulamaa wetu walikuwa wamelala? La hasha. Mombasa alikuwepo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1937. Yeye alianza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, lakini alifariki mwaka 1947 kabla ya kumaliza. Allah amrehemu.

Mwalimu wetu wa Zanzibar naye aliishika kazi hiyo kidogo kidogo. Miaka ya 1950 alikuwa akiitoa vipande vipande. Mwaka 1969 ndipo ikachapishwa nzima, sura zote 114, na Islamic Foundation ya Nairobi. Hesabu mwenyewe: kutoka alipoanza ualimu 1933 hadi kutoka kwa Qurani Takatifu ni miaka 36.

Fungua ukurasa wowote uone mkono wa mwalimu. Aya ya Kiarabu iko pale, maana yake iko sambamba nayo, na kuna maelezo kwa msomaji ambaye hakukaa miaka kwa sheikh. Anaeleza kama anayemwona mtoto wa nyuma darasani amekunja uso, hajafahamu.

KISWAHILI CHA SHULE

Sasa tuje nyumbani. Kwa nini tafsiri ya mtu wa Zanzibar ilitufaa sisi watu wa Kitui na Makueni, ambao nyumbani tunaongea Kikamba?

Uhusiano wetu na pwani ni wa zamani. Wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakishuka Mombasa na misafara ya pembe tangu kabla ya ukoloni, na mmoja mashuhuri, Kivoi, alikuwa mtu wa Kitui. Reli ilipopita Makueni katika miaka ya 1890, stesheni moja ilipewa jina la Sultan Hamud bin Muhammad, aliyetawala Zanzibar kutoka 1896 hadi 1902. Tunapita Sultan Hamud kila siku tukienda Nairobi na wala hatujiulizi jina limetoka wapi.

Lakini biashara na reli haviwezi kumfundisha mtu Qur'ani. Kilichofungua mlango ni shule ya msingi. Mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika nchi za Afrika Mashariki. Sheikh Al-Amin aliandika kwa Kimvita, lugha tamu ya kwao Mombasa, ambayo mtoto wa bara humpiga chenga. Sheikh Abdullah yeye Kiunguja ndiyo lugha ya mama yake, na ndiyo aliyosomeshea. Kwa hivyo mtoto wa Kikamba aliyesoma Kiswahili na mwalimu wake huko Mutomo au Wote, bila kujua, alikuwa anaandaliwa kuisoma tafsiri ya Farsy.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Idadi ya wanaoweza kukisoma kitabu kile ikaongezeka. Tumewaona vijana wakisoma maana kwa Kiswahili kisha wakarudi nyumbani kumweleza susu kwa Kikamba. Maneno ya Allah yametoka Kiarabu hadi Kiunguja, na kutoka Kiunguja hadi Kikamba jikoni wakati wa kufuturu. Katika safari hiyo yote, waliobeba mzigo ni walimu.

KADHI ALIYEBAKI KUWA MWALIMU

Mwaka 1960 aliteuliwa kadhi Zanzibar. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta katika kazi hiyo, akaendelea hadi 1967 alipoondoka kuja Kenya. Mwaka huo huo wa 1967 ndipo Kenya ilipopitisha sheria ya mahakama za kadhi, inayosimamia mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimfuata Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, na akaishika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Hata akiwa na cheo hicho hakuacha kufundisha na kuandika. Mwaka 1977 alitoa kitabu kiitwacho Bid-a, na hapo maneno yakawa mengi, manake aligusa mambo ambayo wengi waliyazoea na kuyapenda. Wako maulamaa wenziwe waliompinga, na hoja zile bado zinasikika misikitini mpaka leo. Makala haya hayakuandikwa kuamua nani alikuwa na haki. La kujifunza ni kwamba wale waliompinga na wale waliomuunga mkono, wote hadi leo wanaifungua tafsiri yake. Elimu yenye manufaa huwapita watu na ugomvi wao.

Alifariki Oman tarehe 9 Novemba 1982, akiwa na miaka 70. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

SISI JE?

Kijana mwenzangu, leo ukisema unataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi, rafiki zako watakucheka. "Ati ualimu? Umekosa alama?" Na ustadh wa madrasa ndiyo kabisa. Mzazi analipa karo ya shule, analipa tuisheni, analipa basi la shule, lakini mwalimu anayemfundisha mtoto wake Al-Fatiha anaambiwa, "Ustadh, subira, Allah atakulipa." Allah atamlipa, ndiyo. Lakini duka la unga halipokei subira. Walimu wetu wazuri wanaacha madrasa wanakwenda kuendesha bodaboda, halafu tunashangaa watoto hawajui kusoma msahafu.

Basi Ramadhan hii tufanye mambo matatu. Kwanza, tuisome Qur'ani pamoja na maana yake, juzuu moja kwa siku, siku 30 tumemaliza. Pili, kila msikiti ukae uangalie hali ya ustadh wake, apate ujira wa kudumu unaojulikana, si sadaka ya msimu.

La tatu ni la sisi vijana. Sheikh Abdullah akiwa na miaka 32 alichukua kalamu akaandika habari za walimu waliomtangulia. Walimu waliotangulia kufundisha dini Kitui na Makueni, nani ameandika habari zao? Wazee wanaowakumbuka wanaondoka mmoja mmoja. Baada ya Alasiri, badala ya kuzubaa na simu ukingoja adhana, chukua daftari ukae na mzee. Muulize: nani alikufundisha alif, be, te? Alitoka wapi? Alisomeshea chini ya mti gani? Alikula nini? Kisha andika, na jina uliandike kamili.

Allah (S.W.) amrehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy, awarehemu walimu wetu wote, waliokufa na walio hai, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.