Forodhani kabla ya urojo

Wadau, tukisema Forodhani wengi tunawaza urojo na mishikaki. Lakini jina limetokana na forodha: hapo ndipo mizigo ilipolipiwa ushuru.

Tuanzie 1833. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani: meli zao zilipe asilimia 5 ya mzigo wanaoshusha, basi. Waingereza wakapata mkataba wao 1839, Wafaransa 1844. Tangu hapo hata Sultani akibanwa na pesa, hawezi kuwapandishia.

Na aliyekusanya hakuwa karani wa serikali. Tajiri wa Kutch, Jairam Shivji, alikodishwa forodha nzima. Anamlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kinachozidi ni chake!

Turuke hadi 1986. Baada ya Mapinduzi serikali ilishika uchumi karibu wote, kisha Zanzibar ikapitisha sheria ya kulinda vitega uchumi. 2004 ikaundwa ZIPA, na sheria ikaandikwa upya 2018 na 2023. Zanzibar inajitungia yenyewe kwa sababu uwekezaji si jambo la Muungano. Forodha ni la Muungano, tangu 1964.

Mi naona swali ni lile lile la Seyyid Said: mgeni akija na mtaji, tumsamehe kiasi gani, kwa miaka mingapi? Yeye aliamua peke yake. Siku hizi sheria inapita Baraza la Wawakilishi, na yeyote anaweza kuisoma. Je, nani kati yetu ameisoma?