Nani Ameshika Daftari la Vitu vya Nyumbani

Daftari la kwanza la serikali kuzihesabu nyumba za Ufipa lilikuwa la kodi, na aliyelishika hakuwa na haja ya kuingia ndani. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba Novemba 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, na kwa huku kwetu mkono wao ulitokea Bismarckburg, boma walilojenga Kasanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Nyumba ya kawaida ya mwananchi ilitozwa rupia 3. Karani alihesabu mapaa, akaandika jina la mwanamume, akaenda zake. Waingereza nao wakaendelea na kodi ya nyumba, wakaongeza ya kichwa. Mwanamke aliyeishi chini ya paa hilo, akapika, akalima na kuhifadhi ulezi kihengeni, hakuwa na mstari wake.

Kabla ya hapo mali ilijulikana bila karatasi. Jembe lilitoka kwenye ilungu, tanuru la udongo refu kuliko mtu, na kijiji kizima kilijua nani alichoma mkaa, nani aliyeyusha chuma na jembe hilo limeishia kwa nani. Majembe yalilipa mahari. Nguo za pamba zilizofumwa upande wa bonde la Rukwa zilijulikana kwa macho vilevile. Mapadri wa White Fathers, walioingia Karema mwaka 1885, walikuwa na agizo la kuandika shajara ya kila siku katika kila misheni, na shajara hizo ni hazina kubwa kwa yeyote anayetafuta historia yetu. Lakini nao waliandika yaliyowahusu: ubatizo, safari, njaa, ugomvi wa watemi. Sufuria ya mtu haikuwahusu.

Babu yangu alikwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, akarudi Milanzi na sanduku la bati. Nimelifungua mara nyingi, kwa sababu sasa liko kwangu. Ndani ya kifuniko alibandika kwa uji wa unga stakabadhi zake za kodi, mwaka baada ya mwaka, na pembeni leseni ya baiskeli. Kingo zimeliwa na mende, ila mihuri inasomeka. Ukizitazama unaona alitunza kila alichowahi kudaiwa na mtu wa nje. Cherehani, blanketi, redio iliyokuja baadaye, havimo. Vya bibi havimo kabisa: vyungu, nyungo, mikeka, kinu, kuku. Kila mtu pale nyumbani alijua ni vya bibi, na kujua huko kulitosha maadamu wanaojua walikuwa hai na wanaelewana.

Kwa nini kulitosha wakati huo na sasa hakutoshi? Jibu naliona katika sheria zilizokuja baada ya uhuru. Sheria za mila za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 kwa wilaya nyingi nchini zilisema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikampa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, jambo kubwa sana, lakini kifungu cha 60 kikaweka dhana kwamba mali iliyopatikana kwa jina la mume ni ya mume na iliyo kwa jina la mke ni ya mke, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za mirathi kwa Mahakama za Mwanzo: msimamizi ana miezi 4 kupeleka mahakamani Fomu Namba 5, yenye mali zote na madeni yote ya marehemu. Kwa familia nyingi za Ufipa hiyo ndiyo orodha ya kwanza ya vitu vyao vyote kuandikwa, na inaandikwa huku watu wakiwa bado na kanga za msiba kiunoni.

Baba mdogo alipofariki, ukoo ulikaa Katandala, na mimi nikawa katibu. Shamba na nyumba havikuleta neno. Tulipofika kwenye cherehani, mzee mmoja akasema, "Andika." Mama mdogo akasema, "Hiyo ni yangu, niliinunua kwa hela ya maharage." Shemeji yake akamuuliza, kwa upole kabisa, "Risiti iko wapi, shemeji?" Akaenda chumbani, akaleta. Ilikuwa ile ya mashine za EFD, karatasi inayochapwa kwa joto bila wino, na ilikuwa imefifia ikawa nyeupe pande zote mbili. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilibidi mwenye duka aitwe, naye kwa bahati alikumbuka, na cherehani ikatolewa kwenye orodha. Ningependa haki ya mjane isingoje mwenye duka mwenye kumbukumbu nzuri.

Siku hizi kuna karani mwingine. Mikopo ambayo watu wameipa jina kausha damu inatolewa kwa dhamana ya vitu vya ndani, na ofisa wake huja sebuleni na simu, akapiga picha televisheni, friji, makochi, godoro, akaandika thamani anayoiona yeye. Marejesho yakichelewa, orodha hiyo ndiyo inayopakiwa kwenye bajaji. Nimeona nyumba ambamo rekodi pekee ya vitu vya familia iko kwenye simu ya mkopeshaji.

Ndiyo maana binti wa mama mdogo alipoanza orodha yake mwenyewe niliona jambo jipya katika historia hii ndefu. Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Sortly, lakini yeye anatumia Google Sheets, ambayo inafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo. Ana safu ya kitu, picha, namba iliyogongwa kwenye mashine, tarehe na bei. Risiti anaipiga picha palepale dukani kabla haijafifia. Safu ninayoipenda kuliko zote ameiita "hela ilitoka wapi". Humo unasoma: gunia mbili za maharage; mchezo wa kikoba; mshahara wa mume; mahindi ya shamba letu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeruhusu kumbukumbu za namna hii zipokelewe mahakamani, ingawa uzito wake utapimwa, kwa hiyo jedwali ana nakala yake kwenye barua pepe na mumewe anaweza kulifungua muda wowote. Orodha ya siri ingeleta ugomvi uleule.

Siwezi kusema safu zinatosha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa, na kazi hiyo haina risiti ya kupiga picha. Ila penye "hela ilitoka wapi" imeanza kupata pa kuandikwa.

Juzi nilikaa na wenzi fulani Kizwite, wanaanza orodha ya kwao. Makochi waliyabishania kidogo, wakaandika majina yote mawili. Mahindi yalitusumbua zaidi, maana kihenge kinapungua kila siku. Tukakubaliana yaandikwe baada ya kuvuna na tena siku ya kuuza. Mume akataka tuishie kwenye vitu vya umeme, akisema vyombo vya jikoni si mali. Mke akaleta kinu, nyungo tatu na vyungu vinne vya mama yake, akavipanga mlangoni, na kila kimoja kikapigwa picha na kuandikwa kwa jina lake.