Jinsi tovuti inavyoweza kumfaa mfanyabiashara wa Modogashe uchumi unapodorora

BIASHARA inapodorora, hatua ya kwanza ya wenye maduka na makampuni huwa ni kupunguza matumizi, na tovuti huwa miongoni mwa vitu vinavyosahauliwa mapema. Hupambwa kwa picha siku ya kuzinduliwa, kisha ikaachwa bila mtu wa kuitazama. Hata hivyo, mteja anayebana pesa ndiye huuliza maswali mengi zaidi kabla ya kununua, na tovuti ni mojawapo ya njia nafuu za kumjibu.

Mji wa Modogashe, ulio katika Kaunti ya Garissa karibu na mpaka wa Isiolo, ni mfano mwafaka. Hapo ndipo barabara itokayo Isiolo hukutana na ile ya Garissa kabla ya kuelekea Habaswein na Wajir. Wakazi wake hutegemea mifugo, maduka, hoteli na usafiri. Mbuzi wakikosa bei, mwenye duka la unga na sukari naye hukosa wateja.

Eneo hili limepitia misukosuko mingi. Mwishoni mwa mwaka wa 2006 na mapema 2007, homa ya Bonde la Ufa ilisababisha masoko ya mifugo kufungwa na uchinjaji kupigwa marufuku. Ukuaji wa uchumi wa Kenya ulishuka kutoka takriban asilimia 7 mwaka wa 2007 hadi chini ya asilimia 2 mwaka wa 2008, kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, ukame na msukosuko wa fedha duniani. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa corona ulifunga masoko kwa mara nyingine. Kisha mvua ikakosekana kwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, na zaidi ya mifugo milioni 2 wakafa katika kaunti kame. Novemba 2023, mafuriko yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi.

Katika misukosuko hiyo yote, bei na hali ya njia zilibadilika upesi, na aliyepata habari mapema alipunguza hasara. Hapa ndipo tovuti inapofaa.

Bei iwe na tarehe

Tuseme mfanyabiashara amepakia mbuzi kwenye lori hadi soko la Kiamaiko, Nairobi, kisha akakuta bei imeshuka. Hawezi kuwarudisha, kwa kuwa nauli ya kurudi itamla faida na mtaji. Atauza kwa bei atakayopewa na dalali. Lakini akitangaza mapema kwenye tovuti idadi ya mbuzi alio nao, umri wao, uzani wa kukadiria na siku ya kusafiri, anaweza kupatana na mnunuzi kabla ya lori kung’oa nanga.

Kila bei iandikiwe tarehe. Bei ya mwezi uliopita ikiachwa kama ya leo, mteja atajihisi kudanganywa, na ni heri ukurasa usiotaja bei kuliko huo. Muuzaji anaweza kulinganisha bei zake na taarifa za kila mwezi ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) huchapisha kwenye tovuti yake kuhusu kila kaunti kame, zikiwemo bei za mifugo na hali ya malisho.

Asili na malipo

Mnunuzi wa mbali huogopa kuuziwa mnyama wa wizi au mgonjwa. Hofu hiyo ina msingi: mkataba wa amani wa mwaka wa 2001 uliopewa jina la Modogashe ulihusu, miongoni mwa mengine, malisho, maji na wizi wa mifugo. Kwa hivyo, muuzaji aeleze mifugo wametoka wapi, wamechanjwa lini na kama kibali cha kuwasafirisha kimetolewa na afisa wa mifugo.

Kuhusu malipo, nambari ya M-Pesa iwe imesajiliwa kwa jina la biashara, na jina hilo lionekane kwenye tovuti. Masharti ya malipo ya awali na salio yaandikwe wazi. Anayehifadhi majina na nambari za wateja akumbuke kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka azilinde.

Gharama

Majina ya tovuti yanayoishia kwa .co.ke husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa na KENIC, na hulipiwa kila mwaka. Mwenye biashara ahakikishe jina limesajiliwa kwa niaba yake, wala si ya fundi aliyeunda tovuti; wakikosana, atabaki bila anwani.

Wateja wengi hufungua intaneti kwa simu, tena mahali penye mtandao hafifu. Picha ziwe chache na nyepesi, na nambari ya simu iwe juu ya kila ukurasa. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na Kisomali. Mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wake mwaka wa 2020, unajumuisha pia kutandaza nyaya za intaneti. Atakayekuwa amejizoesha mapema ndiye atakayenufaika.

Wafanyabiashara wadogo wasioweza kumudu tovuti kila mmoja wanaweza kuungana chini ya chama cha ushirika, wakagawana gharama na kumteua mtu mmoja wa kubadilisha bei kila siku ya soko. Kila mteja aulizwe alikopata habari za biashara. Baada ya miezi mitatu, daftari litaonyesha kama tovuti inaleta wanunuzi au inakula pesa bure.

Tovuti haileti mvua wala hailishi ngamia. Inachoweza ni kumwezesha muuzaji wa Modogashe kuijua bei na mnunuzi kabla ya kulipa nauli ya lori. Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari. Na siku hizi daftari hilo linaweza kusomwa na mnunuzi aliye Nairobi.